Betri ya limau: balbu ilikataa kuwaka, na mtoto hakuwa amekosea

Mzazi wa Buruburu

Wanajukwaa, naufungua uzi huu kwa jambo lililonikalia moyoni kwa majuma matatu sasa. Binti yangu, aliye Gredi ya 8, alirudi nyumbani Ijumaa moja na karatasi ya mradi wa Sayansi Jumuishi iliyomtaka atengeneze betri kwa limau, msumari wa mabati na waya wa shaba, kisha aitumie kuwasha balbu ya tochi. Karatasi ilikuwa na mchoro wa limau moja na balbu moja, na miali ikitoka kwenye balbu pande zote. Tulilibingirisha limau mezani mpaka likalainika, kama tulivyoagizwa, tukachomeka metali zetu, tukaunganisha balbu, nayo haikuwaka. Tukaongeza limau la pili, la tatu, mpaka yakafika sita yaliyofungwa kwa mfuatano kwenye meza ya kulia, na balbu ikabaki vile vile. Mtoto alilala akiamini kwamba ameharibu kazi, na Jumatatu akaambiwa darasani kwamba hakufuata maagizo.

Mimi nasema maagizo hayo yasingeweza kuwasha balbu ile hata kama yangefuatwa na profesa, na ninasema hivyo kwa sababu nimepima. Nilikwenda Luthuli Avenue, hapa Nairobi, nikanunua mita ya kidijitali ya bei nafuu, ile ya rangi ya manjano ambayo mafundi wengi wa redio wanayo. Kati ya msumari na waya wa shaba vilivyochomekwa kwenye limau moja, mita ilisoma volti 0.93. Nilifurahi, kwa kuwa betri ya kawaida ya redio ni volti 1.5 na nikadhani tumeshakaribia. Kisha nikaigeuza mita ipime mkondo, nikaona miliampea 0.55. Balbu tuliyotumia imechorwa shingoni, kwa maandishi madogo ambayo ilinibidi kuvaa miwani ili niyasome, volti 2.5 na ampea 0.3, yaani miliampea 300. Limau letu lilikuwa likitoa pungufu ya sehemu moja kati ya 500 za mkondo ambao balbu inauhitaji.

Hapo pia ndipo nilipotambua kwa nini yale malimau sita hayakutusaidia. Volti zilipanda mpaka 5.5, lakini mkondo ulibaki ule ule wa karibu nusu miliampea, kwa sababu malimau yakifungwa kwa mfuatano mkondo ni mmoja unaopita katika yote, na kila limau linakuja na volti zake pamoja na ukinzani wake, yaani kule kuuzuia mkondo usipite kwa urahisi.

Ningependa wenye elimu hii watusaidie. Swali langu la kwanza ni hili: umeme huu hasa unatoka wapi, katika tunda au katika msumari?

Mwalimu Mstaafu, Kasarani

Mzazi, nakushukuru kwa kuleta vipimo badala ya lawama tupu. Nilifundisha fizikia na kemia kwa zaidi ya miaka 30, na swali lako ndilo ambalo wanafunzi wangu wengi walilijibu vibaya katika mitihani, kwa sababu jina lenyewe la betri ya limau linampotosha msomaji.

Mlipaji wa umeme huu ni zinki. Msumari wa mabati ni chuma kilichopakwa ngozi ya zinki, na zinki ni metali iliyo nyepesi kuachia elektroni. Inapokutana na asidi ya limau, kila atomu ya zinki huacha elektroni mbili katika msumari, nayo yenyewe huingia katika maji ya tunda ikiwa ioni, yaani atomu yenye chaji ya umeme. Elektroni hizo hazina njia ya kupita ndani ya maji hayo. Njia yao ni waya. Husafiri kupitia waya hadi kwenye shaba, na huko hupokewa na ioni za hidrojeni zilizomo katika asidi, ambazo hugeuka kuwa gesi ya hidrojeni, na nyingine hupokewa na oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji ya tunda. Ndani ya limau, kwa upande wake, ioni ndizo zinazotembea ili kuikamilisha saketi. Shaba hailiwi katika kazi hii. Hutoa tu mahali pa elektroni kupokelewa. Mkitaka mfano wa nyumbani, zinki ndiyo makaa na limau ni jiko. Nishati iliyomo katika zinki ilitiwa humo kiwandani, metali hiyo ilipotenganishwa na mawe yake kwa gharama kubwa ya moto au umeme, na limau linaifungulia tu mlango.

Ndiyo maana volti hazibadiliki sana ukibadilisha tunda. Chukua chungwa, nanasi, nyanya au kiazi, na maadamu metali ni zinki na shaba, mita itasoma mahali fulani karibu na volti 0.9. Badilisha metali na mambo yatabadilika mara moja: msumari wa chuma kitupu pamoja na shaba hutoa karibu nusu volti, na karatasi ya alumini ya jikoni, ingawa kwa nadharia ingepaswa kufanya vizuri, husuasua kwa sababu imefunikwa na utando wa oksidi unaoikinga.

Historia ya jambo hili ni nzuri, na watoto wanaipenda wakisimuliwa. Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha mwaka 1791 uchunguzi wake kuhusu miguu ya vyura iliyoruka ilipoguswa na metali mbili tofauti, akaamini kwamba umeme ulikuwa ndani ya mnyama. Mwenzake Alessandro Volta hakukubali. Aliona kwamba siri imo katika zile metali mbili na unyevu ulio kati yake. Akapanga visahani vya zinki na vya fedha kwa zamu, kati yake akaweka vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi, na Machi 1800 akaandika barua kwa Joseph Banks, aliyekuwa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi mjini London, kuueleza mnara huo uliotoa umeme bila kukoma. Hakuwa na limau wala chura. Binti yako, Mzazi, anaposema umeme umo ndani ya limau, anarudia kosa la Galvani, ambaye alikuwa mtaalamu mkubwa, kwa hiyo asione haya hata kidogo.

Mama wa Watatu, Umoja

Mimi nashukuru sana kuusoma uzi huu, maana mwanangu alipewa mradi unaofanana na huo muhula uliopita, na mzazi mmoja tunayefahamiana alificha betri ya kweli chini ya kitambaa ili balbu iwake na mtoto apate alama nzuri. Mtoto huyo alisifiwa mbele ya wenzake. Wangu alipeleka limau lisilowasha chochote, akarudi amenyong'onyea. Ninaumia kwa ajili ya wote wawili, kwa sababu yule aliyesifiwa amefundishwa kudanganya na wazazi wake mwenyewe.

Nina maswali mawili. Kwanza, malimau hayo baada ya kutumiwa naweza kuyakamulia kwenye mboga au chai? Ndimu na malimau yamepanda bei, na inaniuma kuyatupa. Pili, wanangu wamenionyesha video ya mtu anayechaji simu kwa limau moja. Je, jambo hilo linawezekana?

Fundi wa Kariobangi

Mama wa Watatu, nianze na la kwanza. Usiyakamulie popote. Zinki iliyoondoka kwenye msumari haikupotea, imo ndani ya maji ya limau, pamoja na chochote kilichokuwa juu ya msumari uliotoka kwenye ndoo ya hadiwea. Kata malimau nusu ukihofia hasara, kwa sababu nusu limau inafanya kazi sawa na limau zima, kisha zitupe pamoja na maganda mengine. Metali zioshwe, zikaushwe na kuhifadhiwa kwa mradi ujao.

La simu halihitaji hata kubishaniwa, linahitaji hesabu. Limau la Mzazi lina volti 0.93 na mkondo wa miliampea 0.55 likiunganishwa moja kwa moja bila mzigo. Nguvu kubwa kabisa unayoweza kuipata kwake ni nusu ya volti hizo mara nusu ya mkondo huo, yaani takriban miliwati 0.13. Chaja ya kawaida ya simu ya volti 5 na ampea 1 inatoa wati 5. Gawanya, na utapata malimau yapata 38,000 yaliyopangwa kwa ustadi, na kila moja likiwa na msumari wake na waya wake. Hata ile balbu ya tochi, inayokula wati 0.75, ingehitaji karibu malimau 6,000. Lori zima kutoka soko la Marikiti ili kuwasha tochi moja. Anayechaji simu kwa limau moja ana chanzo kingine cha umeme ambacho kamera haikukionyesha.

Sasa niseme kuhusu vifaa, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama kabla hata ya kufika kwenye limau. Misumari ninayoiona ikitumiwa na watoto mara nyingi ni ile iliyong'olewa kwenye mabati ya zamani na kunyooshwa kwa nyundo. Zinki yake ilikwisha kuliwa na mvua kitambo, kilichobaki ni chuma na kutu, na ndipo mita inaposoma nusu volti na mzazi akadhani limau ni bovu. Nunua misumari mipya ya mabati, yenye rangi ya kijivu iliyofifia. Msumari wa kawaida wa mbao, unaong'aa kama kijiko, hauna zinki.

Kilicho bora kuliko msumari ni kipande cha bati jipya. Pita Kamukunji kwa mafundi wanaotengeneza masanduku na karai, uombe mabaki yanayodondoka kwenye mkasi. Kipande chenye upana wa vidole viwili kina eneo kubwa linalogusana na maji ya tunda, na mkondo huongezeka kadiri eneo linavyoongezeka. Chagua lisilopakwa rangi, na ujue kwamba baadhi ya mabati ya siku hizi hupakwa mchanganyiko wa alumini na zinki badala ya zinki peke yake, kwa hiyo mita yako inaweza kusoma tofauti na ya jirani. Kingo zake hukata kama wembe; zikunje kwa koleo kabla mtoto hajashika.

Kuhusu shaba, omba kwa fundi umeme mabaki ya kebo ya milimita mraba 2.5, ile inayotumika kwenye soketi za nyumba. Ichune, kisha kwaruza waya kwa kisu. Ikiwa ndani ni nyeupe, umeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Ukitumia waya wa mota, kumbuka umepakwa vanishi, na usipoisugua kwa msasa mita itasoma sifuri nawe utamlaumu mwenye limau.

Neno moja la hatari, na tafadhalini mnisikilize. Nimewaona watoto wakipasua betri kuukuu kwa mawe ili wapate zinki au ile fimbo nyeusi ya kaboni ya katikati. Betri nyingi za sasa ni za alkalini, na ndani yake mna uji unaounguza ngozi na macho; betri za simu zinaweza kushika moto zikitobolewa. Bati la Kamukunji linatosha, hakuna haja ya kupasua kitu.

Mama wa Watatu, Umoja

Asante sana, fundi. Basi na ukwaju je? Nyumbani kwetu haukosekani, na ni mkali kuliko limau.

Mwalimu Mstaafu, Kasarani

Ukwaju unafaa sana, Mama, na kwa kweli unatupeleka karibu zaidi na kazi ya Volta kuliko tunda zima. Uloweke kwenye maji kidogo, uchuje, utie chumvi kijiko kimoja, kisha chovya vipande vya kitambaa cha pamba. Panga shaba, kitambaa, zinki, kisha tena shaba, kitambaa, zinki, ukihakikisha kwamba kitambaa ni kibichi lakini hakidondoshi maji, kwa sababu maji yakitiririka ubavuni mwa mnara yanaunganisha ngazi moja na nyingine na volti zinapotea. Kwa kuwa metali ziko karibukaribu na zimetandazwa, ukinzani wa ndani unapungua sana.

Nitumie nafasi hii kueleza jambo ambalo Mzazi bila shaka ameliona: mita inaanza na mkondo mzuri, kisha namba zinateremka polepole mbele ya macho yako. Zinki haijaisha. Gramu moja tu ya zinki ingeweza, kwa hesabu ya kemia, kutoa miliampea 0.5 kwa saa zaidi ya 1,600, yaani zaidi ya siku 60. Kinachotokea ni kwamba vipovu vya hidrojeni hujikusanya juu ya shaba na kuziba njia, na maji yaliyo karibu kabisa na metali huchoka kabla ya mengine kufika. Tatizo hilo hilo liliisumbua betri ya Volta, mpaka John Frederic Daniell wa Uingereza alipobuni, mwaka 1836, seli ambayo shaba yake ilizungukwa na maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba. Huko elektroni hazipokewi na hidrojeni tena. Zinapokewa na ioni za shaba zilizomo ndani ya mrututu, vipovu havitokei, na volti zinasimama imara kwenye 1.1. Mrututu ni sumu ukimezwa, kwa hiyo jaribio hilo liachiwe maabara ya shule chini ya mwalimu.

Mzazi wa Buruburu

Narudi na matokeo, kwa sababu Jumamosi na Jumapili zilizopita tulifanya kazi mezani kutwa nzima, na binti yangu ndiye aliyekuwa akiandika namba.

Tulianza na limau ambalo halikubingirishwa. Lilitoa miliampea 0.3, na baada ya kulibingirisha na kulikandamiza kwa kiganja likapanda mpaka 0.5, bila volti kubadilika hata kidogo. Tulipolipasua tuliona sababu: ndani mmejaa vifuko vidogo vyenye umbo la machozi, kila kimoja kikiwa kimefunga maji yake, na usipovipasua ioni hazina mahali pa kupita. Kuzisogeza metali karibu nako kulisaidia, lakini zilipogusana ndani ya limau mita ikashuka mpaka karibu na sifuri, na mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu mradi uanze, maana aliitambua sababu kabla yangu.

Kisha tukajaribu viazi. Nilikuwa nimesoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem walionyesha mwaka 2010 kwamba kiazi kilichochemshwa kinaweza kutoa nguvu hadi mara 10 kuliko kibichi, kwa kuwa kuchemsha kunavunja kuta za seli za kiazi na kupunguza ukinzani wa ndani. Sisi tulichemsha kwa dakika 10, tukakiacha kipoe. Kiazi kibichi kilikuwa na miliampea 0.25, kilichochemshwa kikafika 0.9. Haikuwa mara 10, lakini kilishinda limau letu bora, jambo ambalo sikulitarajia kwa kitu kisicho na uchachu wowote ulimini.

Baada ya hapo tukaacha balbu na kutumia taa ndogo ya LED nyekundu. Malimau manne kwa mfuatano, shaba ya moja ikiungwa na bati la jingine, yalitupa volti 3.7. Mguu mrefu wa LED tuliuunga upande wa shaba, mfupi upande wa zinki, nayo ikawaka. Volti zilishuka hapo hapo mpaka 1.7 na mkondo ukawa miliampea 0.3, kwa hiyo mwanga ulikuwa hafifu, nukta nyekundu tuliyoiona vizuri baada ya kufunga pazia. Nyeupe na ya bluu hazikuonyesha kitu cha maana, kwa kuwa zinahitaji karibu volti 3 ili zianze kuwaka. Nawaomba walimu wanaousoma uzi huu waandike LED nyekundu katika karatasi zao, na waandike pia idadi ya malimau, kwa sababu mtoto anayefuata maagizo sahihi na kuona nukta ile gizani hahitaji kufichiwa betri chini ya kitambaa.

Lililotushangaza zaidi ni saa. Tulikuwa na saa ndogo ya mezani isiyo na mishale, inayoonyesha tarakimu nyeusi kwenye kioo, na ambayo betri yake ya volti 1.5 ilikuwa imekufa zamani. Saa ya aina hiyo inatumia mkondo mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za elfu za miliampea. Tuliunganisha malimau mawili tu, na tarakimu zikatokea. Iliendelea kutembea kwenye rafu ya jikoni, karibu na sufuria, Jumapili usiku, Jumatatu, Jumanne, huku malimau yakikunjamana na kuanza kuota ukungu pembeni mwa msumari.

Jana jioni ilizimika. Binti yangu hakuniita. Alichomoa waya wa shaba, akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, akauchomeka upande wa pili wa limau lile lile, mahali palipokuwa bado na maji, akasubiri kidogo. Kioo kikarudi kuonyesha 12:00, nukta mbili za katikati zikipepesa, naye akafungua daftari akaandika saa halisi pembeni.